Sababu ya Papa Kubaki Uvira

Maji yakikatika mtaani kwetu kisha yakarudi, bomba hukohoa kwanza. Hutoa upepo, hutema matone machache ya rangi ya chai, ndipo maji yenyewe yanapokuja. Wengine hukimbilia ndoo. Mimi husimama pale nikinusa. Harufu ile ya kutu na ya udongo uliolala muda mrefu ndani ya chuma ndiyo harufu ya Papa, baba yangu, kwangu, kuliko sabuni yake ya kunyolea, kuliko makaratasi ya wanafunzi aliyokuwa akiyasahihisha kwenye meza yetu ya chakula. Tangu tumzike, nimejikuta mara nyingi nimefungua bomba bila kuwa na haja ya maji.

Siku ya mazishi watu wa chuo kikuu walisema vizuri. Walieleza jinsi alivyofundisha uhandisi wa maji, mifereji na mabwawa, na jinsi mainjinia wengi wa nchi hii walivyopita mikononi mwake. Mmoja akasema kwamba mtu yule alipenda vitu viwili, familia yake na kuvua samaki, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Hakuna aliyetaja ule muda tuliokwama Uvira. Sikuwalaumu. Waliokuwa wakiujua ni mimi na mama, na mama alikaa na kitambaa chake mdomoni. Ninyi wa umri wangu, mliokuwa watoto wakati wa vita, mtanielewa. Wakubwa hawakutueleza kitu. Tuliangalia tu, tukajieleza wenyewe, na mengi tuliyaona kichwa chini.

Tulikuwa tukikaa Lubumbashi, katika nyumba ya chuo yenye ua wa simenti, lakini Papa alikuwa mtoto wa Uvira. Kila vakansi kubwa, shule zikifungwa, alishusha kutoka juu ya kabati mfuko wake wa nyuzi na ndoano, akaenda kumwona mama yake na kuvua. Mama yake ndiye sisi tuliyemwita Koko. Mwaka ule nilikuwa nimefaulu vizuri, na zawadi yangu ikawa kwenda naye. Mama alikuwa na mimba na miguu ilikuwa imemvimba, kwa hiyo daktari akamkataza ndege. Alinisuka nywele kwa kuzivuta sana, kama mtu anayetaka zikae muda mrefu, kisha akasimama mlangoni.

"Kashindi," alimwambia Papa, "unirudishie mutoto mbele ya mwenzake kuzaliwa."

"Vakansi haitaisha kabla hujatuona," Papa alijibu, na akamgusa tumbo mbele ya dereva wa teksi, jambo lililonitia haya.

Tulipanda ndege hadi Bukavu, kisha gari likatushusha milimani kuelekea bonde la Ruzizi. Kamanyola tulinunua ndizi, Luvungi tulipasukiwa tairi, na Papa alifurahia hata ile pancha kwa sababu ilimpa nafasi ya kunionyesha mifereji ya mashamba ya mpunga na kunieleza kwa nini maji yalikubali kupita pale na si kwingine. Alizungumza juu ya maji kama watu wengine wanavyozungumza juu ya majirani. Haya yana hasira, haya ni mavivu, haya yanadanganya. Jioni tukaona ziwa, na ng'ambo yake Burundi, na nyuma yetu milima iliyousukuma mji wote hadi ukingoni mwa maji.

Koko alikuwa mwanamke mkubwa wa mifupa, mwenye sauti ya kuamuru. Alikuwa amevunjika nyonga kwa kuanguka, na ikaunga vibaya. Hakuweza kusimama bila kushikwa. Siku nzima alikaa kwenye mkeka mlangoni mwa jiko la nyuma, akiwatuma watu wote waliopita, wa kwake na wa wengine. Shangazi yangu, dada pekee wa Papa, ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumpikia, akisaidiwa na watoto wake.

Juma la kwanza lilikuwa la furaha ambayo hadi leo naiona aibu kuisimulia, kwa jinsi ilivyokuwa fupi. Asubuhi Papa alikunja suruali yake ya profesa hadi magotini, tukatembea kwenye mawe upande wa Kalundu, kule bandarini, tukatupa nyuzi. Alinifundisha kushika uzi kwa ncha za vidole. "Usivute," alikuwa akisema. "Sikiliza. Samaki anaanza kwa kuuliza." Samaki waitwao kuhe walipenda mawe. Mikeke, samaki wa maji ya mbali, ilikuwa ya wavuvi wenye mitumbwi, lakini tukipata hata mmoja, Papa aliurudisha nyumbani ameushika juu kama kombe la mpira. Koko alipewa kichwa. Papa aliketi kati yetu wawili, akichambua miiba kwa vidole, kipande hiki kwa mama yake, kipande hiki kwangu, na yeye mwenyewe akala mwisho, bugali na mchuzi uliobaki.

Kisha vita vikaja. Sikuvielewa wakati ule na sijui kama ninavielewa leo. Vile vya kwanza vilikuwa vimeisha karibuni tu, na watu walikuwa hata hawajapaka rangi upya nyumba zao. Asubuhi moja mizinga ililia upande wa bonde, na kabla chai haijachemka barabara ilikuwa imejaa magodoro na watoto. Shangazi alifunga nguo zake na kuchukua watoto kukimbilia Burundi. Alilia kidogo mbele ya Papa pale uani, kisha akaenda. Papa alimfunga Koko mgongoni kwa vitenge, kama wanavyofungwa watoto wachanga, akanishika mkono, tukafuata watu waliokuwa wakipanda milimani.

Tulifika mto Mulongwe. Pale njia inaanza kupanda, Papa alipiga magoti. Nilidhani anafunga kiatu. Alijaribu kuinuka, akashindwa, akajaribu tena. Watu walitupita kwa kila upande, wakitusukuma. Koko akasema sikioni mwake, kwa sauti niliyoisikia mimi pia, "Kashindi, uniweke chini."  Papa alibaki pale magotini, uso ukimtiririka jasho, mikono imeshika changarawe, na huo ndio wakati wa kwanza kumwona baba yangu akishindwa na kitu. Mwishowe tukageuka. Sisi peke yetu tulishuka wakati watu wote walikuwa wakipanda.

Tulikuta nyumba imepigwa upande wa mbele. Baadaye watu wakaja kuondoa manjanja yote, yale mabati yaliyofunika paa, pamoja na milango, na Papa alisimama uani akiwatazama kwa sababu walikuwa na bunduki. Kutoka barabarani ungesema hakuna aliyepona mle ndani. Sisi tulihamia jikoni nyuma, watatu, na hapo ndipo tulipoishi.

Simu zilikuwa zimekufa. Nchi ilikuwa imekatwa vipande, Uvira upande mmoja, Lubumbashi upande mwingine, na ndege haikuweza kuvuka kati yake. Vakansi iliisha. Mvua ilianza, ikaisha, ikaanza tena. Hakuna aliyesema shule. Katika kichwa changu niliendelea kuwa kwenye mapumziko, ila yalikuwa yamevimba na kuharibika, kama mkate uliolowa.

Papa alijifunza kumwogesha mama yake. Alijenga kiti chenye tundu cha msalani kutoka mbao za kitanda, na alikijenga kwa uangalifu mkubwa, akipima, akifuta, akipima tena. Alipika sombe, majani ya muhogo, vibaya, na Koko akamwambia hivyo kila siku. Lakini kila asubuhi, mara tu baada ya kumgeuza Koko na kumlisha, alichukua nyuzi akashuka ziwani. Askari walikuwa wamekataza kuvua ng'ambo ya mahali fulani, walichukua samaki wazuri, mara nyingine walimfukuza. Yeye alirudi tena kesho yake. Mvua ikinyesha, alikwenda. Akiwa na homa, alikwenda. Alikaa Kalundu muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa samaki wawili wadogo.

Jirani yetu, Mama Zawadi, aliyekuwa akikaa na Koko wakati huo, alipenda mzaha. "Baba yako alishaoa hili ziwa," aliniambia siku moja akichambua mchele. "Mama yako wa kule Lubumbashi ni wa pili." Akacheka, akanipa ganda la mkate. Sikucheka. Nilikuwa na umri ule ambao mtu huamini hasa yale yanayosemwa kwa kucheka.

Kisha nikasikia kwa masikio yangu. Tulikuwa bandarini, mimi nimeshika ugwe wenye kuhe. Papa alizungumza na Sadiki, mwenye boti lililobeba magunia ya mihogo na mapipa ya mafuta ya mawese.

"Utakwenda kusini lini?" Papa aliuliza.

"Wakinipa ruhusa. Kesho ao juma ijayo, minye sijue. Weye na mutoto, nafasi iko. Nitawafikisha Kigoma, mutapata meli."

"Na mama?"

Sadiki alimtazama kwa huruma. "Prof, ule mama hawezi hata kukaa. Minye nabeba magunia. Watu wanakaa juu ya magunia, mvua yao, jua yao. Akifia mu ziwa, nitamufanya nini? Uniambie weye."

"Hakuna muntu wa kumuachia. Dada yangu iko Burundi, sijue kambi gani."

"Ndiyo vile."

Papa aligeuka akatazama maji kwa muda mrefu. "Basi," akasema, "wacha minye nibakie kwanza. Ukifika, utafute muntu wa Lubumbashi. Umwambie bibi yangu, mama ya huyu mutoto, tuko wazima. Sema tu vile, tuko wazima."

Nimeyaandika maneno yote kwa sababu sasa nayajua maana yake. Wakati ule yalinipita. Nilichoshika ni kwamba boti lilikuwepo, nafasi ilikuwepo, na Papa alitazama ziwa kisha akasema atabaki. Kwa hiyo ilikuwa kweli. Tangu siku ile niliwakataa samaki. Nilikula bugali mkavu, na Papa, akidhani kwamba naogopa miiba, alizidi kuchambua, akiweka mbele yangu nyama nyeupe tupu, akinitazama usoni. "Mademoiselle anaumwa wapi?" aliuliza. Sikujua mahali pa kumwonyesha.

Boti za Sadiki zilikwenda na kurudi. Kila mara Papa alimwuliza kama ujumbe ulifika, na kila mara Sadiki alisema ameukabidhi kwa mtu, na mtu yule alisema atamwambia mwingine.

Mabomba ya mji yalikuwa yamekauka tangu mwanzo wa vita. Watu wote walikunywa ziwa. Papa alitembea mitaani akifuata mabomba kwa macho, akipiga chuma kwa jiwe na kusikiliza. Siku moja komanda wa askari alimtumia watu wamlete. Tulidhani hatarudi. Kumbe aliulizwa swali moja tu.

"Wanasema weye ni profesa wa maji," komanda alimwambia. "Sasa maji iko wapi?"

"Maji iko mulimani, pahali iko siku zote," Papa alisema. "Tiyo, zile bomba, ndiyo zimekatwa."

Walimpa vijana wawili na ruhusa ya kupanda. Alikaa kule siku kadhaa, akifunga mabomba kwa vipande vya mpira wa tairi, kwa waya, kwa kuni zilizochongwa. Sikuwepo, lakini nilikuwepo chini wakati bomba la karibu na soko lilipokohoa. Lilitoa upepo, watu wakarudi nyuma kwa hofu. Likatema rangi ya chai. Kisha maji yakaja, na wanawake wakapiga vigelegele kama harusini, wakamwagiana, wakacheza na ndoo kichwani. Papa alishuka jioni ameloa, ana kutu hadi kwenye ndevu. Koko alikunywa kikombe kizima, akasema, "Kumbe ile masomo ilikuwa na maana." Nadhani hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kumpa.

Maji hayakukaa. Mapigano yalirudi mlimani na mabomba yakakatwa upya, pengine na wale, pengine na hawa. Papa alikwenda kwa komanda kuomba apande tena. Alimwambia kwamba inahitajika kazi ndogo tu, na kwamba anajua mahali penyewe. Komanda alikuwa akila. "Prof," akasema, "kule mulima sasa iko ya wengine." Papa alirudi kupitia sokoni. Nilikuwa naye. Alifungua bomba, akalifunga, akalifungua tena, huku akinamama wenye ndoo wakimtazama. Mmoja akamwuliza kwa upole, "Itarudi?" Akasema, "Ninajua namna ya kuirudisha." Hilo halikuwa jibu, na yule mama alilijua, akabeba ndoo yake akashuka ziwani.

Ndipo kipindupindu kikaja, kama kilivyokuwa kikija kila mara mji ulipokunywa ziwa. Papa alichemsha maji yetu yote. Makaa yalipokosekana kwa sababu njia za milimani zilifungwa, alipasua fremu za madirisha. Tulikunywa maji yenye harufu ya moshi. Lakini Koko hakuyapenda. "Maji ya kupika haina utamu," alisema. Yeye alikuwa amekunywa ziwa tangu kuzaliwa. Kila aliyepita na bidon ya maji ya ziwa alimwomba kikombe, na ni nani katika mji ule angemnyima mama mzee maji?

Ilianza alfajiri. Hadi jua lilipopanda, uso wake mkubwa ulikuwa umeingia ndani, macho yamezama. Papa aliazima pusipusi, mkokoteni wa mtu wa sokoni, akamlaza juu ya mkeka, akaisukuma hadi kwenye mahema ya wagonjwa. Nilikimbia kando nikishika mkono wa Koko, uliokuwa baridi na umekunjamana kama wa mtu aliyefua siku nzima. Hemani watu walikuwa wamelala chini, mmoja karibu na mwingine. Muuguzi, msichana aliyekuwa hajalala, alimtazama Koko, kisha akamtazama Papa.

"Seramu ya kutundika imekwisha toka jana," alisema. "Wanasema nyingine iko njiani. Mumupe maji ya sukari na chumvi, na kijiko, polepole."

Papa alikaa chini akaanza. Kijiko kiliingia, na kikitoka, kitu kingine kilikuwa kimemwacha Koko upande wa pili. Kila nilipodhani ataacha, alichota tena. Midomo ya Papa ilikuwa ikisogea. Nilidhani anasali. Nilipokaribia nikasikia kwamba anahesabu, kiasi gani kinaingia, kiasi gani kinatoka, na kila hesabu ilimrudisha nyuma.

"Kashindi," Koko alisema. "Wacha kijiko."

"Kunywa, mama."

"Bibi yako alizaa nini?"

"Sijue, mama."

"Hujue?"

"Hapana. Sijue."

Koko alifunga macho akayafungua. Sauti yake ya kuamuru ilikuwa imebaki kidogo sana, lakini ilikuwa ni ile ile. "Basi kwenda uone," akasema.

Papa aliendelea na kijiko. Aliendelea hata baada ya mimi kuona kwamba mdomo haufungi tena. Muuguzi ndiye aliyemshika mkono. Kisha Papa alitazama vidole vyake vilivyochafuka, akaomba maji ya kunawa. Msichana yule alizungusha macho hemani mote. "Hakuna, Prof," akasema. "Utanisamehe. Hakuna."

Hawakuturuhusu kurudi na mwili nyumbani. Walimzika wenyewe, na sisi tulisimama mbali, mahali walipotuonyesha. Mama Zawadi alikuja akashika kichwa changu tumboni mwake.

Kesho yake Papa hakushuka kuvua. Alikusanya nyuzi na ndoano, akampa mume wa Mama Zawadi mfuko wote. Aliporudi jikoni alianza kukunja nguo zangu.

"Tunakwenda kwa mama," alisema. "Sadiki anaondoka."

"Na samaki?" niliuliza.

"Samaki gani?"

"Si ulibaki juu ya samaki? Mama Zawadi alisema ulioa ziwa. Na weye ulimwambia Sadiki unabakia."

Alisimama na gauni langu mkononi. Sijui alifikiri nini. Naona sasa muda wote ule ukipita usoni mwake, mimi nikikataa nyama nyeupe na yeye akichambua. Aliketi juu ya kile kiti cha mbao, ambacho hakikuwa tena na mwenyewe.

"Mwanangu," akasema, "tulivua kwa sababu tulikuwa na njaa. Na nilikuwa nakaa Kalundu kwa sababu ndiko boti zinafikia. Niliuliza kila boti. Koko yako hangeweza kupanda, na hakuna muntu wa kumuachia." Akafuta uso kwa gauni langu. "Huku mama, kule bibi na tumbo lake. Ningefanya namna gani?"

Hakuwa akinifundisha. Siku zote maswali ya Papa yalikuwa na jibu alilokwisha kulijua, akikungoja ulifikie. Hili aliniuliza kweli. Nilikuwa mtoto mwenye viatu vilivyonibana, nikashika upande mwingine wa gauni tukalikunja.

Safari ilikuwa ndefu. Tulikaa juu ya magunia ya Sadiki, mvua yetu, jua letu, hadi Kigoma. Kutoka pale tulipanda meli kubwa hadi Mpulungu, Zambia, halafu malori, moja baada ya jingine. Kila alipokutana na mtu wa Lubumbashi Papa aliuliza habari za mke wake, akitaja mtaa, akitaja kanisa, na wote walitikisa kichwa. Alikuwa amekonda kiasi kwamba mkanda ulimzunguka na kubaki.  

Katika nyumba yetu ya chuo walikuwa wakikaa watu wengine. Mwanamke aliyetufungulia alituambia tumtafute mama mtaa wa Katuba, kwa dada yake mkubwa. Tulifika mchana. Mama alikuwa uani mbele ya mbabula, jiko la makaa, anasonga bukari, ndiyo bugali ya kule. Nywele zake, zile alizokuwa akijivunia, zilikuwa zimekatwa hadi karibu na kichwa, na alivaa kitenge cheusi. Aliinua macho. Alimtazama Papa, akanitazama mimi, akamtazama Papa. Kisha akaweka mwiko chini taratibu, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mama mkubwa ndiye aliyepiga kelele. Majirani walikuja mbio, wengine wakitushika mikono kuona kama ina joto. Kwa maneno yaliyokuwa yakikatika alitueleza. Mtu mmoja aliyetoroka Uvira alifika akasema ameiona nyumba ya Koko kwa macho yake, haina paa wala milango, hakuna aliyepona. Ujumbe wetu kwamba tuko wazima haukuwahi kufika. Basi walikaa matanga. Walilala nje kwenye mikeka, watu wa chuo wakaja, misa ikasomwa. Mama alikuwa na mimba kubwa wakati huo.

Nyuma ya sketi ya mama mkubwa alikuwa amesimama mtoto wa kiume, ana tumbo tupu na paji la uso la Papa. Papa alichuchumaa akanyoosha mikono. Mtoto akapiga yowe, akajificha.

"Anaitwa nani?" Papa aliuliza.

Mama mkubwa alitazama chini. "Alizaliwa kisha ya matanga," akasema. "Tulimupa jina yako."

Mlango ulifunguka. Mama alikuja moja kwa moja kwangu, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanusa nywele zangu, akanibana hadi nikakosa pumzi.  Kisha akamgeukia Papa.

"Ulikuwa wapi?"

"Uvira. Mama alikuwa hawezi kutembea. Sikuwa na muntu wa kumuachia."

"Iko wapi sasa?"

"Tulimuzika."

Mama alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea pole za wengine. "Sikitiko," akasema. Halafu akauliza, bila kupaza sauti, "Na miye?"

Papa alifungua mdomo. Mimi nilikuwepo, nilijua yote aliyoweza kusema, boti, magunia, nyonga, kambi za Burundi, na nilijua pia kwamba yote yalikuwa kweli. Hakusema hata moja. Mama akarudi mbabulani kwa sababu bukari ilikuwa ikiungua. Aliikoroga kwa nguvu, akaigawa kwenye sahani, akamwaga mchuzi.  Mtu alimletea Papa kiti akaketi karibu na ukuta.

"Kashindi!" mama aliita. "Kuya ukule!"

Papa aliinuka haraka, karibu aangushe kiti. Yule mdogo alikuwa amekwisha kumpita mbio, akakaa mbele ya sahani, akachovya mkono. Mama hakuwa amegeuka. Papa akabaki amesimama, mikono ikining'inia, kisha akakaa tena.